Tangi la Landrova



Wengi wetu tulilijua neno Landrova kabla hatujajua Uingereza iko upande gani. Kijijini kwetu halikuwa jina la kampuni. Watoto tulipousikia ule mlio ukipanda mlima tulijua kuwa anayekuja ni bwana afya na sindano zake, au polisi, au mkubwa fulani kutoka wilayani, na kila mmoja akachagua kichaka chake. Gari lenyewe tulilitazama baadaye, likishaegeshwa chini ya mwembe. Lilinuka vumbi na petroli.

Harufu ile niliikuta tena kiangazi kilichopita mjini Coventry, nikiwa nimelala chali chini ya Landrova ya mwaka 1973, matone yakinidondokea begani. Gari ni la ndugu yetu mmoja wa hapa, kwao Tanga, ambaye aliota kuwa na Landrova tangu utotoni na sasa amestaafu na ana nafasi ya kuiegesha. Aliyemuuzia alimwambia tangi la mafuta ni jipya. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, hilo ni kweli. Ndani ya miezi minne likaanza kuvuja, akaagiza lingine, na Jumamosi moja tukakusanyika wanaume watano kulibadilisha. Wanne wetu tulikuwa wa kushika taa. Wa tano ni mzee wetu mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa fundi katika karakana ya serikali huko nyumbani, na aliyekuja huku uzeeni kuwafuata wanawe. Alifika amevaa koti zuri na kofia, akalitazama gari, akavua koti.

"Toeni waya wa betri kwanza," akasema. "Halafu simu zenu zote ziende ndani kwa shemeji."

Kazi ile ilichukua siku mbili badala ya saa tatu tulizopanga, na katika siku hizo mbili nilijifunza historia ambayo sikuikuta katika vitabu vya magari, navyo nimesoma vingi. Ndiyo sababu ya makala haya.

Vitabu vyenyewe huanza hivi. Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na baada ya Vita vya Pili alikuwa akilihudumia kwa Jeep ya kijeshi ya Kimarekani. Husimuliwa kuwa kaka yake Spencer, ambaye ndiye aliyeiongoza kampuni, alimuuliza atafanya nini Jeep hiyo ikimfia, naye akajibu kuwa atanunua Jeep nyingine, maana hakuna gari jingine la namna ile. Basi mwaka 1947 akachora umbo la gari jipya kwenye mchanga wa ufukwe wa Red Wharf Bay. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam. Bei yake ilikuwa pauni 450, injini yake lita 1.6, nguvu yake farasi 50. Lilitengenezwa Solihull, ambako kutoka hapa Coventry ni mwendo wa nusu saa tu.

Jambo moja katika simulizi hiyo lina uzito kwetu sisi tuliokuwa chini ya gari. Uingereza wakati ule chuma kilikuwa cha mgawo, na serikali ilikigawa zaidi kwa viwanda vilivyouza nje. Aluminiamu ya kutengenezea ndege, kinyume chake, ilikuwa imejaa. Kwa hiyo mabati ya nje ya Landrova yakafanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu uitwao Birmabright, ambao haushiki kutu ya chuma, na chuma kikabakizwa mahali pasipokwepeka: chasisi, ekseli, injini na tangi. Matokeo yake ndiyo haya tunayoyaona miaka zaidi ya 70 baadaye. Ngozi ya gari inadumu, tumbo linaoza. Ukiliona Landrova la zamani linang'aa barabarani, usiulize rangi. Inama utazame chini.

Tangi la Landrova la kawaida huchukua galoni 10 za Kiingereza, yaani kama lita 45, nalo hukaa upande wa kulia chini ya kiti cha mbele. Kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama yetu, hicho ni kiti cha dereva. Dereva amekalia petroli yake. Katika magari ya mwanzo, yale ya kuanzia 1948, hata mdomo wa tangi ulikuwa chini ya mto wa kiti hicho. Ukitaka kujaza, unashuka, unanyanyua mto, unafungua kifuniko, unamimina. Mwaka 1958 lilipokuja toleo la pili, mdomo ukahamishiwa ubavuni kwa nje.

Mzee wetu alianza kazi baada ya uhuru, lakini waliomfundisha walikuwa madereva wa Mabwana Shauri, na habari hii ya kiti aliipokea kwao. Bwana Shauri aliyependa kushika usukani mwenyewe, alisema, ilimbidi ashuke na asimame juani pamoja na watu wengine mpaka utingo amalize kumimina. "Mwaka 1958 wakamfanyia hisani abaki amekaa," alisema Mzee huku akilegeza skrubu za kifuniko cha kiti, "na 1961 sisi tukamnyanyua moja kwa moja."

Lita 45 zinatosha nini? Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoingia mwaka 1958 na kudumu kwa miongo, hula lita moja kwa kilomita sita hivi, ikiwa barabara ni njema na dereva hana haraka. Hesabu inatoa kilomita 270. Kutoka Dar es Salaam unafika Morogoro na kupita kidogo. Ukiwa unakwenda Dodoma unabaki njiani. Kutoka Nairobi unakwama kabla ya kuiona bahari. Na hiyo ni lami. Kwenye mchanga na tope, ukiwa katika gia ndogo ya magurudumu manne, hesabu hiyo hukatika vibaya. Kwa hiyo Landrova za bara zilibeba mafuta ya akiba, na hapa sina budi kutoka nje ya njia kidogo kulisemea debe.

Neno debe lilitufikia kutoka lugha za Kihindi, likiwa na maana ya kopo au chombo cha bati. Debe tunalolijua sisi, lile la pembe nne, ni chombo kilicholetea mafuta ya taa na petroli Afrika Mashariki kabla pampu hazijaenea. Ujazo wake galoni nne, lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha debe halikutupwa. Lilichotea maji, likapimia mahindi na mchele, likakatwa na kunyooshwa kuwa paa na mlango. Mpaka leo sokoni mtu hukuuzia debe la mahindi bila kuwaza kwamba anapima nafaka kwa kipimo cha kampuni za mafuta. Hata methali yetu ya debe tupu haliachi kuvuma ina umri wa petroli, haiwezi kuwa ya kale sana. Debe lilikuwa jepesi na baya: bati lake jembamba lilipasuka mshono likirushwarushwa garini. Waingereza wenyewe walipoteza petroli nyingi kwa madebe kama hayo katika vita vya jangwani Afrika Kaskazini, mpaka wakaliiga kopo imara la Wajerumani la lita 20, ambalo sasa tunaliita jerikeni. Ndilo lililokuja kufungwa kwenye Landrova.

Turudi kwenye gari. Katika miaka ya 1950 Landrova ilikuwa gari la dola. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, polisi na askari walipita nayo vijijini, na wako wazee wa Kikuyu ambao mlio huo kwao haukuwa wa sindano za bwana afya. Watafiti nao walikuwa nayo. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alipoliona lile fuvu la kale katika bonde la Olduvai, alirudi kambini mbio kwa Landrova kumwamsha mumewe Louis, aliyekuwa amelala na homa. Uhuru ulipokuja magari hayakubadilika, walibadilika waliokalia. Viongozi wetu wapya walikagua magwaride wakiwa wamesimama ndani ya Landrova ya wazi. Ofisi za kilimo, afya, misitu na wanyamapori zilirithi magari pamoja na karakana zake. Kenya ilikwenda hatua zaidi: katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilichojengwa Thika kilianza kuziunganisha Landrova papo hapo nchini.

Kisha ikaja miaka ambayo Mzee huiita "miaka ya kutafuta". Kwa Tanzania tunajua ilivyoanza. Bei ya mafuta duniani ilipaa mwaka 1973 na ikapaa tena 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwishoni mwa 1978 tukaingia vita na Idi Amin vilivyokula magari, mafuta na fedha za kigeni. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanakumbuka Jumapili za mchana bila magari binafsi barabarani, maana kuendesha bila kibali kulikatazwa ili kubana petroli. Spea zilikuwa za kuombea fedha za kigeni, na ombi la tangi la Landrova ya idara ya kilimo halikuwa la kwanza katika foleni. Tangi likitoboka, alisema Mzee, hukuandika barua Dar es Salaam. Uliita fundi.

Nilimuuliza fundi alifanya nini. Akanitajia, na niliandika kadiri alivyosema.

Kitu cha kwanza kilikuwa sabuni ya mche. Unafuta mahali panapovuja, unakata kipande cha sabuni, unakisugua kwa nguvu juu ya ufa mpaka kijae ndani. Petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, kwa hiyo dawa hii ni ya kiangazi, masika inakutoka. Gari linaweza kutembea wiki mbili kwa sabuni. Mzee alikuwa na dereva mmoja aliyeweka mche mzima chini ya kiti kama wengine wanavyoweka tairi la akiba.

Tundu likiwa kubwa, tangi lilishushwa na kulehemiwa kwa risasi, kwa nondo ya shaba iliyopashwa moto mbali na pale kazi inapofanyika. Risasi hushika vizuri kwenye matangi ya zamani kwa sababu mengi yalitengenezwa kwa bati la chuma lililokwisha kupakwa risasi na stani ili lisishike kutu. Tangi likiwa limeoza kiasi kwamba risasi haina pa kushika, walitengeneza jipya. Pipa la mafuta la lita 200 hukatwa, hunyooshwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli, hukunjwa kwa kufuata tangi la zamani kama fundi nguo anavyofuata shati kuukuu. Ndani huwekwa kizuizi chenye matundu ili mafuta yasibamize ukuta gari likiyumba. Alikumbuka matangi mawili aliyoyatengeneza mwenyewe yaliyochukua lita 60, kwa sababu mkuu wake alisema kwa nini tuige ubahili wa Waingereza.

Na kama hakukuwa na pipa, wala risasi, wala muda? Dumu. Dumu la plastiki hufungwa juu ya paa, mpira mwembamba hushushwa mpaka kwenye kabureta, mafuta yakashuka yenyewe. Mzee aliendesha hivyo kutoka Singida hadi Dodoma, tangi la gari likiwa nyuma pamoja na mbuzi.

Tulicheka sana kwa hadithi ya mbuzi. Yeye hakucheka. Alikuwa amefika kwenye plagi ya kumwagia mafuta chini ya tangi, na akanyamaza mpaka petroli yote ikaingia kwenye makopo. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba kuna kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake mwaka 1982.

Tangi lilitolewa kwenye gari, likaachwa juani siku tatu, kifuniko wazi, plagi imetolewa. Ukiligonga lilitoa sauti ya debe kavu. Mzee aliitwa ofisini. Aliporudi kijana alikuwa tayari ameiwasha gesi ili amwoneshe mwalimu wake kuwa anaweza kuchomea kiraka peke yake.

Sitaeleza zaidi ya hapo, naye hakueleza zaidi. Alinionesha mkono wake wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kiwikoni, ambako ngozi ni nyororo na haina nywele. Hizo alizipata alipokuwa akimtoa.

Fizikia yake si ngumu, na ni vizuri ijulikane na yeyote anayechezea magari ya zamani. Petroli ya maji haiungui, kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka pale mvuke unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi lililojaa halina hewa ya kutosha ndani yake. Tangi tupu ndilo lenye hewa, na kijiko kimoja cha petroli kilichojificha kwenye mshono au chini ya maganda ya kutu kinatosha kulijaza mvuke tena kila linapopata joto. Siku tatu za jua hazimalizi. Ndiyo maana mafundi waangalifu walilijaza tangi maji mpaka karibu na kiraka, wakiacha nafasi ndogo tu juu yake, au waliingiza moshi wa ekzosi ya gari jingine ndani yake ili kuifukuza hewa, kabla hawajasogeza moto. Hayo Mzee aliyajua na alimfundisha. Kijana aliyasikia. Lakini tangi lilikuwa tupu kabisa, na nani anaogopa kitu kitupu?

Siku hizi ipo tabia, hata katika majarida kama haya yetu, ya kuusifu ubunifu wa mafundi wetu kana kwamba uhaba ulikuwa chuo. Mimi pia nimewahi kuandika hivyo. Nikiwa chini ya gari lile niliona aibu kidogo. Ni kweli kwamba Landrova nyingi za Afrika Mashariki ziliishi mara mbili na mara tatu ya umri ambao waliozitengeneza Solihull wangeweza kuutarajia, na ni kweli kwamba kazi hiyo ilifanywa na watu wenye nyundo, sabuni na akili. Vitabu vina ukurasa mzima wa mchoro wa mchangani Anglesey, na havina mstari mmoja kwa waliokunja mapipa. Hilo ni kosa na linafaa kusahihishwa. Lakini aliyekunja pipa angependa zaidi kupewa tangi. Mzee alilipokea lile tangi jipya kutoka kwenye boksi, akaligeuza pande zote, akapitisha kidole kwenye mishono, akasema, "Tungekuwa na haya matatu tu." Akalirudisha kwenye boksi, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe, kwa wanaotaka kujua, huenda hivi. Mto wa kiti na bati la juu vikitoka, unaliona tangi kwa juu: waya wa geji, bomba la chuma linalopeleka mafuta mbele, mpira mpana wa kujazia na mpira mwembamba wa kupumulia. Hivyo vyote vikafunguka kwa spana na bisibisi, isipokuwa mipira, ambayo ilikuwa imegeuka kitu cha kati ya mkate na lami na ikabidi ikatwe kwa kisu. Chanzo cha ubaya huo ni kipya. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ina pombe ya ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hula mipira ya zamani na huvuta maji, na maji hukaa chini ya tangi yakifanya kazi yake ya kutu polepole. Ndugu zetu wa Kenya wanaweza kutabasamu: wao waliuziwa petroli yenye pombe ya miwa kutoka Muhoroni tangu mwaka 1983, kwa takriban miaka kumi. Mwenye gari la zamani huku hutafuta petroli ya bei ya juu, ambayo pombe yake haizidi asilimia 5, na hununua mipira mipya iliyotengenezwa kuihimili.

Bolti zinazolishika tangi kwenye chasisi zilitumalizia Jumamosi yote. Za mbele zilitoka. Za nyuma zilikuwa zimezikwa kwenye tope lililojaa kati ya tangi na chasisi, tope la mashamba ya huku, jeusi, lenye unyevu, lililokuwa pale labda tangu enzi za Margaret Thatcher. Hilo ndilo lililoua tangi kwa nje wakati maji yakiliua kwa ndani. Mzee alisema kwetu bara tatizo lilikuwa vumbi, ambalo angalau ni kavu, na kwamba Landrova zilizooza haraka zaidi alizowahi kuziona zilitoka pwani kwenye chumvi. Tukazimwagia bolti mafuta ya kulegezea, tukazifunika kwa matambara, tukaenda kula pilau. Jumapili moja ikakubali kugeuka. Nyingine tuliikata kwa msumeno wa mkono. Mwenye gari alikuwa na mashine ya umeme ya kukatia. Mzee alimtazama tu, na mashine ikarudi ndani.

Tangi la zamani liliposhuka tulilipindua. Chini yake palikuwa na viraka viwili vya gundi na kitambaa, kimoja juu ya kingine, chini ya ile rangi mpya. Mzee alivikagua kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. "Hawa nao walikuwa na shida," akasema.

Jipya lilipanda kwa jeki na kipande cha ubao, tukakaza bolti mpya, tukaweka gasketi mpya ya geji, washa mpya ya plagi, mipira mipya na klipu zake. Kielea cha geji tulihamisha kile cha zamani. Mzee alikata kijiti cha mti ua wa jirani, akamkabidhi mwenye gari ili apimie mafuta, kwani kwa maoni yake geji ya Landrova haijawahi kumwambia ukweli mtu yeyote. Tukamimina lita kumi. Tukatandika boksi lililokunjuliwa chini na kungoja nusu saa tukilitazama, watu wazima watano, kama tunaangalia mpira. Halikulowa. Pampu ya mafuta ya gari hili ina mkono mdogo wa kusukumia kwa kidole na kikombe cha kioo kinachokuonesha petroli ikija. Mzee alimpa mwenye gari asukume mwenyewe. Kikombe kikajaa, injini ikashika mara ya nne, na mama mmoja jirani akafungua dirisha kutazama.

Enzi ya magari haya imekwisha, ingawa wafuasi hawajaisha. Toyota walianza kuichukua Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na Land Cruiser yao ilikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kubishana nalo: spea zilipatikana. Kampuni ya Landrova ilipita mikononi mwa Wajerumani, Wamarekani, na tangu 2008 Wahindi wa Tata. Tarehe 29 Januari 2016 gari la mwisho la ukoo ule wa 1948 lilitoka Solihull. Hata hivyo, Oktoba 2024 Landrova kwa mamia zilikusanyika Arusha katika tamasha lake, na katika picha niliona za miaka ya 1960 na 1970 zikitembea kwa nguvu zake. Kila moja ya hizo ina tangi, na ningependa kujua ni ngapi kati yake lilianza maisha kama pipa. Mwenye baba, mjomba au babu aliyefanya kazi katika karakana hizo, za serikali, za misheni au za chini ya mwembe, amuulize sasa, aandike, na akiwa na picha aniletee kupitia jarida hili. Mzee wetu ana miaka 81.

Lilibaki tangi bovu. Mahali pa kupeleka vyuma chakavu pamefungwa Jumapili jioni, na mwenye gari akasema liwekwe tu pembeni ya banda mpaka kesho. Mzee alikataa. Aliomba mpira wa bustani, na alipoona maji yanachuruzika pale kwenye viraka akaomba sabuni. Aliletewa ya kuogea, ya waridi. Aliinusa, akatikisa kichwa, akaisugua kwenye ufa hata hivyo, huku akituambia sabuni ya mche ingekuwa jambo jingine na kwamba kwenye maji hata hiyo isingefika mbali. Akalijaza mpaka mdomoni, akafunga kifuniko, akanawa mikono, akavaa koti lake.

Asubuhi tulikuta maji yamepungua vidole viwili tu.